Yungiyungi Lililofungwa Uzi wa Njano

Trrrrr, halafu tak.

Hivyo ndivyo cherehani ya Fundi Tepu ilivyonyamaza asubuhi ile, katikati ya mshono wa bega, na mkewe aliyekuwa jikoni akisuuza vikombe akajua kuna jambo. Katika miaka thelathini na minne ya ndoa alikuwa ameisikia ikinyamaza kwa uzi kukatika, kwa sindano kuvunjika, na mara moja kwa paka kurukia gurudumu. Kila kimya kilikuwa na sababu yake na aliijua. Lakini fundi wa makoti husimama mwisho wa mshono. Katikati ya bega hasimami hata akiitwa na serikali.

"Sista!" Sauti ilitoka uani. "Sista, njoo na miwani yangu. Njoo taratibu, usitikise ardhi."

Mtaa mzima ulimwita Sista kwa kuwa alikuwa mkunga, na mumewe alilichukua jina hilo la watu akalifanya lake la mapenzi. Alikausha mikono, akachukua miwani juu ya redio, akatoka.

Ua wa nyumba ulikuwa mdogo, hatua kumi na mbili kwa tisa, na haukuwa na mahali pa kuanika hata soksi. Kulikuwa na makopo ya rangi, madebe ya mafuta, masufuria yaliyotoboka, sinki moja lililong'olewa mahali fulani, na kila chombo kilikuwa na udongo, na kila udongo ulikuwa na yungiyungi. Yalikuwa yale ya tarumbeta, yenye shina refu na ua linalotoka kama mdomo wa baragumu. Fundi Tepu alikuwa amechuchumaa mbele ya kopo moja la rangi, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni kama kawaida. Tepu hiyo haikuwahi kuvuliwa hata kwenye harusi za binti zake.

"Tazama," alisema. "Limefunguka wakati naingiza mkono wa koti. Nimeliona kupitia dirishani. Tazama bitana yake."

Kwa Fundi, sehemu ya ndani ya ua ni bitana, ukingo wa petali ni pindo, na koo la ua ni kola. Bitana ya ua hili ilikuwa nyeupe, na kola yake kijani cha limau changa. Lakini kwa nje, kwenye mgongo wa kila petali, ulishuka mstari wa zambarau iliyoiva, mmoja mmoja, sita kwa jumla, kana kwamba mtu alichovya vidole akalishika ua kabla halijakauka. Tena halikuinama kama mengine. Lilitazama mbele, usawa wa macho, kama mteja anayesubiri kuhudumiwa.

"Hii zambarau imetoka wapi?" Fundi aliuliza. Hakumwuliza yeyote. Aliuliza kama watu wengine wanavyopiga mluzi.

Sista aliiona mistari ile. Alimtambua baba wa ua lile papo hapo. Alikuwa amezalisha watoto wengi kiasi cha kumtambua mtu kwa umbo la sikio.

*

Mapenzi haya yalianza na suruali. Zamani, Fundi alipokuwa kijana na karakana yake ikiwa bado inanuka mbao mpya, mteja mmoja alileta suruali ipunguzwe kiuno, na pamoja nayo kopo lenye yungiyungi. Alisema anasafiri siku mbili, tafadhali alimwagilie. Siku mbili hizo zimekuwa zaidi ya miaka thelathini. Suruali bado imetundikwa nyuma ya mlango, kwa sababu Fundi ni mtu wa ahadi. Tunguu la ua lile lilijigawa, likajigawa tena, mpaka likahitaji beseni la bati, na ndilo lile jeupe ambalo wote nyumbani waliliita Mama.

Mwaka wa kwanza Mama alipochanua, unga wake wa rangi ya kutu ulidondokea gauni jeupe la bibi harusi lililokuwa likisubiri vifungo. Fundi aliosha kwa sabuni, akaosha kwa limau, akaosha kwa dua. Doa halikutoka. Ilimbidi ashone ua la hariri juu yake, na bibi harusi akalipenda kuliko gauni lenyewe. Fundi mwingine angelitupa lile kopo. Huyu alikaa siku nzima akijiuliza: kitu kidogo namna hii kinahitaji rangi kali ya nini? Kinakwenda wapi? Akamfuata katibu wa chama cha wapanda maua, mwalimu mstaafu wa hesabu, naye akamweleza kuwa ule unga ni chavua, kwamba ndiyo upande wa baba, na kwamba binadamu mwenye subira anaweza kuipeleka anakotaka yeye badala ya kuwaachia nyuki.

Tangu siku hiyo Fundi akapata kazi ya pili isiyo na mteja. Tumba linapokaribia kufunguka, yeye hulifungua kabla ya wakati, na kwa kibano cha Sista cha zamani hutoa vichwa sita vya chavua ili ua lisijichavushe lenyewe. Kisha husubiri. Ncha ndefu iliyo katikati, ndiyo upande wa mama, hulowa siku ya pili au ya tatu, ikawa na unyevu kama wa gundi. Hapo huipaka kwa brashi ndogo chavua ya ua jingine alilolichagua, huifunika kofia ya karatasi ya bati, na hufunga uzi kwenye kikonyo: uzi wa njano kama baba ni lile la njano, wa waridi kama ni lile la waridi. Baada ya miezi mitatu hupata mbegu bapa, nyepesi kama karatasi, ambazo huziinua moja moja mbele ya taa ya cherehani kuona kama zina kijistari cha uhai ndani. Baada ya hapo ni miaka mitatu, wakati mwingine minne, ya kumwagilia majani tu.

"Wanawake wanachukua miezi tisa na mnalalamika," Sista alikuwa akimtania. "Nyinyi wawili na hilo kopo mmechukua miaka minne na bado hamjasukuma."

Yote aliyaandika kwenye daftari moja, lile lile la vipimo vya wateja: mbele mabega na viuno, nyuma mashina na petali. Mwaka mmoja kurasa zilimchanganya, na bwana mmoja wa benki akashonewa koti ambalo mkono wake wa kushoto ulifuata urefu wa yungiyungi la waridi. Ulikomea kwenye kiwiko. Yule bwana alisimama mbele ya kioo muda mrefu, kisha akauliza kwa adabu kama ndio mtindo mpya.

Na katika miaka hiyo yote, kila ua alilolizalisha lilikuwa limekwishazalishwa na mtu mwingine mahali pengine. Katibu alikuja, akatazama, akafungua kitabu chake chenye picha, na kila mara akasema, "Zuri, Fundi. Ila lipo." Wifi yake Sista, yaani dada wa Fundi, aliyeishi nyumba ya pili na kuingia bila hodi, aliligeuza neno hilo kuwa salamu. "Kaka, hujambo? Zuri, ila lipo!"

*

Miaka minne kabla ya asubuhi ile, Fundi alianguka kwenye stuli akitundika mapazia ya mteja, akavunjika mguu. Walimlaza hospitali ile ile aliyofanyia kazi Sista, wodi ya wanaume, mguu ukaning'inizwa kwa kamba. Siku ya pili alimshika mkewe mkono.

"Sista, Mama atalowa kesho. Nimekwisha kutoa vichwa vyake. Mpake chavua ya lile la njano. Uzi uko kwenye droo ya bobini. Usisahau kofia."

"Nimezalisha mapacha kwenye lifti iliyokwama, Fundi. Ua litanishinda?"

Alipofika nyumbani akakuta mvua ya siku mbili imeangusha lile la njano. Chavua yake ilikuwa imegeuka uji. Tumba jingine la njano halikuwepo. Angerudi kumwambia. Lakini asubuhi hiyo hiyo daktari alikuwa amesema mguu ule huenda usiweze tena kukanyaga cherehani, na Fundi alikuwa ameitikia "sawa" kwa sauti ambayo Sista hakutaka kuisikia mara mbili siku moja.

Nyuma ya wodi ya wazazi, penye ukuta wa dobi, palipita mfereji wa maji ya sabuni. Kandokando yake yaliota mayungiyungi membamba ambayo hakuna aliyeyapanda. Wafagizi waliyakata kila mwaka nayo yakarudi kila mwaka. Sista alichuma vichwa vitatu vya chavua, akavitia ndani ya kidole alichokikata kwenye glavu, akakifunga fundo, akakiweka mfuko wa sare. Jioni jua likiwa bado juu ya paa alimhudumia Mama. Akafunika kofia. Kisha akafungua droo ya bobini, akatoa uzi wa njano, akaufunga, kwa kuwa ndivyo alivyoagizwa.

Mguu ulipona. Mbegu zikaota. Yeye akasahau, kama anavyosahau nani alizaliwa saa ngapi.

*

Sasa Fundi alikuwa ameliweka daftari sakafuni kando ya kopo, akifuata kwa kidole. "Mama, beseni. Baba, njano. Uzi wa njano. Sista, siku ile ulimpaka njano, sivyo?"

Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake. Ilipita mbele yake kama mtu unayemfahamu akiwa upande wa pili wa barabara.

"Nilifanya ulivyoniagiza," alisema.

"Basi," Fundi alisema, akaamini. Akamwita katibu kwa simu pale pale, huku amechuchumaa. Katibu akamsikiliza, akafungua kitabu, na safari hii kurasa zikasikika zikifunuliwa mpaka mwisho. "Fundi," alisema mwishowe, "halipo. Jumamosi nakuja na fomu."

Fundi alipokata simu aligeukia ukurasa mpya wa daftari akaandika kwa herufi kubwa, kama za mtoto wa darasa la kwanza: LANGU LA KWANZA.

Hayo maneno ndiyo yaliyomfunga Sista mdomo. Maana kanuni ya chama aliijua. Fundi mwenyewe aliwahi kumsomea kwa fahari: chotara huandikwa kwa mambo matatu, mama, baba, na mkono uliochavusha, yaani wa aliyechagua baba hata kama alimtuma mwingine kupaka, na ua ni la mkono huo. Kumwambia baba ni nani ilikuwa ni kumwambia pia mkono ulikuwa wa nani. Angemnyang'anya ua lake pekee, na angemnyang'anya kwa ukweli, jambo ambalo mtu hawezi hata kulilalamikia.

Alidhani akinyamaza hakuna atakayeumia. Hakuwa amehesabu udadisi wa mumewe.

Kama Mama ni mweupe na baba ni wa njano, Fundi alifikiri, basi zambarau imetoka kwenye kitu kingine. Jumatano aliamua ni chuma, kwa sababu kopo la ua lile lilikuwa na kutu. Akapigilia misumari kwenye udongo wa makopo matatu. Alhamisi akaimwagia siki ili kutu iharakishe. Ijumaa asubuhi majani ya makopo yale yalikuwa yameungua ncha, na moja kati ya hayo matatu lilikuwa na kichipukizi cha Mama mwenyewe.

"Kaka," wifi alisema, akiwa ameegemea mlango na kikombe cha chai kisicho chake, "unapika achari?"

"Natafuta zambarau ilikotoka."

"Ukiwa na hamu hiyo ya kutafuta baba za watu, nenda mahakamani, watakupa kiti. Mwulize mkeo. Huyu si ndiye mkunga?"

"Mkunga hatafuti baba," Sista alisema haraka. "Anapokea mtoto tu."

"Nikimaliza na katibu kesho," Fundi aliendelea, hakuwasikia, "nitaanza na uani kote. Ya waridi yote nayagawa. Napanda njano tupu, pamoja na Mama, na misumari. Miaka minne tu. Nitakuwa na sabini na moja."

Alisema "tu" kwa furaha. Sista alitazama makopo, akaihesabu miaka minne ya misumari.

*

Jumamosi katibu alifika na mkoba wa ngozi na kalamu mbili, moja ya akiba. Alikaa kwenye kiti cha wateja, chini ya ile suruali isiyochukuliwa, akatandaza fomu juu ya meza ya kukatia. Fundi alisimama upande wa pili, pini nne midomoni. Huziweka hapo akiwa na wasiwasi, hata kama hashoni. Sista aliingia na sinia ya chai.

"Mama?" katibu aliuliza.

"Mweupe wa beseni," Fundi alijibu kati ya pini.

"Baba?"

Sista aliweka kikombe cha kwanza mezani, kisha cha pili.

"Baba, Fundi?"

"Andika hajulikani."

Katibu alivua miwani. "Nikiandika hajulikani, halipokelewi. Wewe unajua. Si ulisema njano kwenye simu?"

"Nilisema. Mke wangu alimpaka njano, na mke wangu akisema kitu, kimekuwa." Alitikisa kichwa. "Lakini zambarau haitoki kwenye msumari, Katibu. Nimejaribu wiki nzima, na usiku wa jana nimekubali. Kwa hiyo mahali fulani nimekosea mimi. Labda nilichanganya matunguu wakati wa kuhamisha. Labda daftari. Nilishawahi kumshonea mtu mkono wa ua. Siwezi kutia sahihi kitu nisichokielewa."

"Basi litapotea."

"Litachanua hapa hapa. Ila kitabuni, ndiyo, lipotee."

Sista aliiweka birika chini.

"Katibu," alisema, "umeliangalia koo la ua kwa karibu?"

"Nimeliona nikipita."

"Nenda ukaliangalie. Usiharakishe."

Ilikuwa ile sauti inayowatoa akina baba kwenye chumba cha kujifungulia. Katibu alisimama akaenda, akiwa bado ameshika kalamu.

Kisha akamwambia mumewe. Alimwambia kama anavyokabidhi zamu: saa, hali aliyoikuta, alichofanya. Mvua. Uji. Ukuta wa dobi. Kidole cha glavu. Uzi wa njano. Hakulia na hakujitetea. Wakati akisema, Fundi alitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, na kuzichomeka kwenye kimto, kila moja mahali pake.

"Kwenye maji ya sabuni," alisema.

"Ndiyo."

"Yana mistari?"

"Sita. Kwa nje."

"Na hayainami."

"Hayainami. Yanatazama mbele, kama hili."

Fundi alikaa kwenye kiti cha cherehani. "Na misumari yangu ukaitazama tu."

"Niliitazama. Nisamehe, mume wangu."

"Siku ile wodini sawa, nilikuwa nimetundikwa kama koti. Lakini wiki hii?"

"Wiki hii uliandika langu la kwanza. Niliyasoma ukiyaandika. Nianzie wapi kukunyang'anya?"

Daftari lilikuwa wazi mezani, na wote wawili walilitazama. Uso wa Fundi ulikuwa umelegea kama kitambaa kilichotolewa pini. Sista aliwahi kuuona hivyo mara moja tu, chini ya ile kamba ya hospitali. Alitaka kuondoka na akabaki. Huko uani katibu alisikika akisema peke yake, "Lo," na baada ya kitambo, "Lo," tena.

Fundi alichukua chaki ya kukatia, akaiona haifai, akachukua kalamu ya akiba ya katibu. Akalikata neno LANGU kwa mstari. Akatazama yaliyobaki. Hayakuwa na mwenyewe: LA KWANZA.

"Katibu!" aliita. "Rudi uandike."

Katibu akarudi, akakaa.

"Baba: yungiyungi la mwituni, ukuta wa dobi, wodi ya wazazi. Na mkono uliochavusha..." Kisha akataja jina la mkewe, lile kamili la kwenye cheti cha ndoa, ambalo ndani ya karakana ile halikuwahi kutajwa. "Kama hujui linavyoandikwa mwulize mwenyewe. Ndiye mwenye ua."

Katibu aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na kwa kuwa alifundisha hesabu miaka mingi, alijua wakati wa kutouliza mtu amefikaje kwenye jibu. Akaanza kuandika, polepole, akitaja herufi kwa midomo.

Fundi aliinuka. Alizunguka meza, akapita nyuma ya kiti cha katibu, akasimama karibu kabisa na mkewe, bega kwa bega, wote wakiutazama mlango wa uani. Uso wake ulikuwa bado umelegea, lakini kitu kingine kilikuwa kimeanza kuamka ndani yake, na Sista alikijua kabla hakijafika kwenye ulimi.

"Niambie kitu kimoja tu," alisema Fundi, chini chini, katibu asisikie. "Ulitumia brashi yangu, au kidole?"